Ndoano ya Uzi Mwekundu

Enzi zetu, mvua ikianza kunguruma upande wa ziwa, watoto ndio tuliotoka nje. Mtoto wa leo, tone moja likigusa bati utamsikia, "Mum, wifi inasumbua," na siku yake imeharibika. Sisi hatukuwa na cha kusumbua. Tulikuwa na nailoni iliyozungushwa kwenye kijiti, na gunia tulilolikunja pembe moja ndani ya nyingine likawa kofia na koti kwa pamoja. Kama ulikulia ufuoni kwetu, shingo yako bado inakumbuka lile gunia lilivyowasha.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya Otonglo, ukiiacha barabara ya Busia na kushuka hadi mafunjo yanapoanza. Mimi ni Akoth, jina tunalompa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na nilidhani mvua zote ni zangu. Tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi mpaka ukalowa na kugeuka uji mikononi. Kumbikumbi tuliwala wangali wanapiga mabawa, na mwalimu akitukuta darasani na mifuko inayotembea, fimbo ilikuwa halali yetu. Lakini hakuna kilichoshinda kuvua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, wakati wa mvua. Mito ilipoleta matope, maji yakawa rangi ya chai, mbuta walisogea karibu na ufuo kutafuta vya kula. Ulimtia fulu, mmoja wa wale samaki wadogo, kwenye ndoano angali hai, ukamrusha nje ya mafunjo, kisha ukafunga nailoni kwenye mti uliouchomeka matopeni. Kila mti ulikuwa na kitambaa cha mwenyewe.

Na kulikuwa na sheria. Mvua ikimfukuza mwenzako, wewe uliyebaki ulikuwa na ruhusa ya kumvutia samaki wake, na wajibu wa kumpelekea kabla hujafika kwenu. Kabla, si baada. Baba alipenda kusema, "Samaki wa mtu hapiti mlango wako."

Jirani yetu alikuwa Dani Awuor. Dani ni nyanya, ingawa hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa mjane na fundi wa nguo. Nusu ya sare za shule yetu zilipita kwenye cherehani yake pale barazani. Alikuwa mvuvi pia, na ndoano zake alizifunga kwa uzi mwekundu uliobaki kwenye masweta yetu. Alisema ni ili mbuta ajue amevuliwa na fundi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile. Mvua ilishuka na mawe, wenzangu wakatawanyika, tukabaki yeye na mimi. Akajishika goti.

"Akoth nyathina, mwanangu, huu mguu umekataa. Niangalizie hiyo laini yangu."

"Sawa, Dani."

Hakuwa amefika mbali mti wake ulipoanza kutikisika. Nilivuta mpaka nailoni ikanichana viganja. Akatoka mbuta mrefu kama mguu wangu, na ndoano alikuwa ameimeza hadi kooni. Nilijaribu kuitoa nikashindwa, nikaikata nailoni kwa meno, nikamtia samaki kwenye gunia. Naapa nilikuwa nampeleka kwa Dani. Lakini njia ya kwake ilipita kwetu, na mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko.

"Yawa! Njooni muone msichana wangu! Nani alisema mtoto wa kike hawezi?"

Akapiga vigelegele. Baba, ambaye alikuwa amenikataza uvuvi akisema ni kazi ya kaka zangu, alitoka nje kwenye mvua bila viatu. Alimshika yule samaki, kisha akanishika kichwa. Hakuwahi kunishika kichwa kabla ya siku ile. Nilifungua mdomo niseme samaki ni wa nani. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba mvua ilinijaa mdomoni. Ukweli ni kwamba niliufunga.

"Kimbia umwite Dani Awuor," mama akasema. "Wiki nzima yule mama anakula mboga tu."

Nikaenda. Nilimkuta akijifuta miguu, na aliniuliza jambo moja tu.

"Na laini yangu?"

"Imekatika, Dani."

"Pole, nyathina. Umelowa bure."

Mama alimpika mbuta yule kwa nyanya na maziwa ya mgando, na kwetu kichwa cha samaki ni cha mgeni. Nilipoona kichwa kikitua mbele ya Dani Awuor ndipo nikaikumbuka ndoano. Alikila kile kichwa kama wanavyokila wanaokijua, mfupa baada ya mfupa, akinyonya, akisifu. Kisha akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Uzi ulikuwa bado mwekundu.

Alinitazama, si kwa muda mrefu. Akaifunga ile ndoano kwenye pembe ya leso yake.

"Erokamano, Mama Akoth," alimshukuru mama. "Samaki ni mtamu. Na huyu msichana yako ako na mkono." Kisha akaomba aongezwe ugali.

Nilingoja aseme. Kila Jumapili tukitoka kanisani niliuchungulia uso wa mama nione kama ameambiwa. Hakuambiwa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kila mawingu yalipokusanyika, cherehani ilinyamaza na sauti ikatoka barazani: "Akoth! Mvua hiyo inakuja. Twende uniangalizie laini!" Mimi, mwizi wake. Nikajifanya sisikii. Nikaanza kuzunguka nyuma kwenye mashamba ya mihogo, matope hadi magotini, ili nisipite barazani pake. Nilizunguka hivyo mpaka nikaenda shule ya bweni. Alipozikwa nilikuwa chuoni, nikatuma ujumbe kwamba nina mtihani. Sikuwa na mtihani.

Leo naishi mjini, mtaa wa Migosi, nina geti na simu kubwa. Masika haya nilinunua mbuta, nikamkata vipande, nikaviacha barazani kwenye beseni vikolee chumvi. Mvua ikaanza. Kutoka dirishani nikaona msichana wa zile nyumba za kupanga zilizo nyuma yetu, wa miaka kumi, kumi na mmoja hivi, akipenya kwenye geti na kuchukua kipande kimoja. Ningeweza kufungua dirisha. Nilichukua simu. Video ilifika kwenye kundi la majirani kabla mtoto hajafika kwao, na chini yake nikaandika, "Mjueni mwizi huyu." Watu wakacheka, wakaulizana ni wa nani. Mmoja akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, nami nikamjibu: "Enzi zetu tulilelewa."

Mvua ilipokatika mama yake alikuja na kile kipande kwenye sahani, hakijaguswa, akanipa kwa mikono miwili huku akitazama chini. Nilikipokea.

Watu wa rika langu tunapenda kulia kuhusu ziwa. Tunasema mbuta walikuwa wakubwa, maji hayakuwa na magugu, na siku hizi watu wananunua mgongo wazi, mifupa iliyobaki baada ya nyama kuuzwa kwingine. Ni kweli yote. Lakini mimi ninayemlilia ni mwanamke aliyeikuta ndoano yake mdomoni mwake mwenyewe akaomba ugali. Nilikula samaki wake na heshima yake, na ilipofika zamu yangu sikuwa na hata kipande cha kumpa mtoto wa mtu.

Ile video nimeifuta. Simu za wenzangu siwezi kuzifuta. Yule msichana hapiti tena kwangu. Anazunguka nyuma ya mtaro, begi la shule kichwani, matope hadi magotini. Jana mawingu yalipokusanyika nilimwona akikata kona kule mbali. Nilitoka mbio bila viatu hadi getini, nikafungua mdomo nimwite, na ndipo nikagundua kwamba sijui jina lake.