Bando la Kumwamkia Mama Mkubwa

Kama kuna mtu anayejua kukadiria bando la kwenda nalo nje ya nchi, aje anifundishe, maana mimi nimeshindwa, tena nimeshindwa mbele ya ukoo mzima.

Safari yenyewe haikuwa ya ndege. Nilikuwa nakwenda Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, kumwona mama mkubwa, dada yake Mama aliyeolewa huko tangu usichana wake. Alikuwa anaumwa. Mama naye miguu haimfikishi hata sokoni Newala, seuze Msumbiji, kwa hiyo akanituma mimi na simu yangu. Alitaka kitu kimoja tu: nikifika nimpigie simu ya video, amwone dada yake, amwamkie.

"Mimi hapa kila anayeingia ananipa shikamoo," aliniambia. "Kutwa nzima naitikia tu, marahaba, marahaba. Wa kumwamkia mimi amebaki yule mmoja. Nataka nimwamkie huku namwona."

Nilimwahidi. Ahadi ni rahisi ukiwa umekaa.

Masasi, ninakoishi, nilikwenda kwa fundi wa simu wa pale stendi aliyejitapa kwamba anayajua mambo ya mipakani. Akaniuliza nitatumia nini huko. Nikamwambia simu moja ya video na jumbe mbili tatu za kusema nimefika. Akapiga mahesabu yake hewani, akaniunganishia bando la nje, akaongeza na wosia: "Washa kabisa kile kitufe cha kuruhusu data nje ya nchi. Watu wanasahau, wakifika mpakani wanaanza kuhangaika." Nikamshukuru. Leo nikimkumbuka nasonya.

Nikapanda Newala kumuaga Mama kwanza. Nyumba yake iko upande wa ukingoni, kule uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma linaanza, na ng'ambo yake unaiona Msumbiji kwa macho. Nikakaa barazani, nikaukumbuka wosia wa fundi, nikawasha kitufe.

Sasa mtu wa Dodoma hawezi kufanya kosa hili hata akitaka. Sisi wa ukingoni tumezoea simu zetu kukaribishwa Msumbiji tukiwa jikoni, kwa sababu minara ya kule inatufikia vizuri kuliko ya kwetu siku nyingine. Nimekulia pale, nalijua hilo tangu simu zilipoingia, na bado nikawasha. Mimi nakunywa chai ya Mama, simu imeshavuka mto. Na kwa kuwa kundi la ukoo lilikuwa linarusha video za harusi ya ndugu zetu wa Makote, simu yangu ikazishusha zote, ngoma, keki, bibi harusi anaingia, bibi harusi anatoka, kwa bando la Mueda.

Nilipogundua na kuzima kitufe, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda. Nikampigia fundi. Akanijibu kwa upole kwamba bando la aina ile huwezi kuliongezea mpaka liishe, na likiisha lazima uwe kwenye mtandao wa nyumbani ndipo ununue jingine. Nilikuwa nyumbani, jamani! Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha Mama! Nilikata simu nisije nikamtukana mtoto wa watu.

Nikajipa moyo. Kilichobaki kingetosha simu fupi, na mtu na dada yake kuamkiana ni jambo dogo. Nikafuta video za harusi kwa hasira, nikateremka Masasi, nikashika njia ya Mtambaswala, nikavuka daraja.

Kwa mama mkubwa nilipokewa kama mgeni wa serikali. Yeye alikuwa amelala ndani, amekonda, lakini sauti bado ya amri. Nikawaeleza wenyeji taratibu, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde changu cha kuombea maji: bando ni dogo, nitapiga, mama mkubwa atakuwa wa kwanza, wengine baadaye kama litabaki. Wote wakaitikia kwamba wameelewa. Nikapiga.

Upande wa Newala mdogo wangu alikuwa ameshika simu ya Mama, na nyuma ya Mama nikaona kichwa cha jirani, na kingine, na kingine. Chumba kimejaa. Mama amevaa kanga mpya. Nikageuza simu kumwelekezea mama mkubwa, naye akajifunika uso.

"Mdogo wangu amevaa vizuri, mimi anione na kitambaa hiki? Nileteeni kitenge changu."

Wakaenda kutafuta kitenge. Ningekata, nikapiga upya? Ungemkatia simu Mama aliyekwisha kukutazama? Mimi sikuweza. Na wenyeji, kwa adabu zao, wakaona si vizuri Mama akae vile anaangalia ukuta. Mkwe mkubwa akasogea, akapiga magoti mbele ya simu. Shikamoo mama. Marahaba, hujambo? Sijambo. Watoto? Hawajambo. Huko mvua? Ipo. Korosho? Akaja wa pili. Akaja wa tatu na mgongoni ana mtoto, na mtoto naye akafundishwa papo hapo kusema shikamoo, na alipokataa wakamrudia mpaka akakubali. Nilikuwa nawapungia mkono, nakunja uso, nawaambia basi, basi. Mama kwenye kioo anaitikia kila mmoja, hana haraka hata kidogo. Nilikadiria picha, nikakadiria sauti, nikakadiria na dharura. Shikamoo za watu wazima na adabu zao sikuzikadiria, na mimi nimezaliwa humo humo.

Mama mkubwa akaketishwa, kitenge begani. Nikamsogezea simu. Wakatazamana. Sijawahi kumwona Mama akiwa mdogo wa mtu, lakini pale alishusha macho, akainama kidogo, sauti ikawa ya kitoto.

"Shikamoo dada."

Mama mkubwa akavuta pumzi ajibu, na picha ikaganda. Mama amebaki ameinama, duara linazunguka juu ya uso wake. Bando limeisha.

Nilitaka kulia, nikaishia kugomba. Niligombeza simu, nikamgombeza mkwe, nikamgombeza fundi ambaye hakuwapo. Simu nyingine pale ilikuwa ya vibonye, haina salio. Mama mkubwa akanisubiri nimalize.

"Nimeamkiwa na mdogo wangu," alisema, "halafu ninyamaze?"

Nikamwekea simu mdomoni, nikabonyeza kurekodi, ingawa nilijua haitakwenda. Akasema neno lake. Ujumbe ukakaa pale na alama ya saa ubavuni, unangoja mtandao.

Ulingoja siku zote nilizokaa kule. Ulitoka wenyewe niliporudi, nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji Mtambaswala na pasipoti mkononi, simu ikatetemeka na alama ikageuka. Ujumbe wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba bando la nyumbani halikuuhisi.

Mama mkubwa alitutoka kabla mikorosho haijachanua.

Simu ya Mama sasa imejaa. Haipokei picha, haisasishi chochote, inakwama kila mara, na nikimwambia tufute vitu anaivuta kwapani. Nimechoka kugombana naye. Juzi nililala kwake Newala, na asubuhi nikamsikia chumbani.

"Shikamoo dada."

Akatafuta pa kubonyeza.

"Marahaba, mdogo wangu."