Muuzaji Aliyeiponda Pikipiki Yake

Wiki hii nilikwenda Koboko kununua pikipiki ndogo ya Kijapani, ya zamani, kwa sababu nimechoka kubeba mihogo kichwani kutoka Dranya hadi sokoni. Mwenyewe, mzee wa kofia nyeupe, alinipokea akiwa ameshika usukani.

"Mama, breki ya mbele iko hapana," alisema. "Taa inafifia ukipunguza mafuta. Asubuhi lazima unailaza chini kama mbuzi, ndiyo iwake."

Mkewe alikuwa mlangoni akichambua maharage. "Inakunywa petroli kidogo. Inapanda mlima na magunia mawili," alisema bila kuinua kichwa. "Mzee, goti yako haiwezi kupiga kiki tena. Acha mama achukue."

"Moshi yake mingi," mzee akaongeza.

Nikasema kama ni mbovu hivyo, naiacha.

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mamake. "Nani amesema iko mbovu?"

Basi nikaichukua; pesa alipokea mke. Niliikokota hadi barabarani, mzee bado ameshika upande mmoja, akinitajia kasoro nyingine. Sijui alikuwa akinikataza kuinunua au akinifundisha kuishi nayo.

Leo asubuhi niliilaza kama mbuzi. Ikawaka.