Saa Moja na Dakika Kumi

Ofisini walimwita Rubani, na yeye jina likamkolea hadi akawa anaitika bila haya. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya kioo kile kile akikata tiketi za ndege. Ukimtajia mji anakoishi bintiye, anakujibu hujamaliza kuuliza: kilomita mia sita na arobaini, saa moja na dakika kumi angani. Abiria waoga aliwatia moyo. "Mama, hata usingizi haujakukolea, umeshatua!"

Ndege yenyewe, loo, hajaipanda hata siku moja. Huyu Rubani wetu akisimama juu ya stuli kubadilisha balbu, mkewe humshika miguu yote miwili. Kila alipowaeleza watu namna ya kufunga mkanda, alijicheka kimoyomoyo.

Kila Jumapili asubuhi alikuwa akimpigia simu mjukuu wake wa miaka minne, ambaye hawajawahi kuonana naye ana kwa ana. "Babu yuko hapa hapa tu," alijigamba. "Saa moja na dakika kumi. Nikiamua, hata leo nafika!"

Jumapili moja simu ikapokelewa na bintiye.

"Shikamoo baba. Tafadhali, usimwambie tena hivyo."

"Marahaba. Kwani nimedanganya? Upepo ukiwa mzuri ni saa moja na dakika tano."

"Baba, ukikata simu tu, anavaa viatu anakaa mlangoni. Wiki iliyopita alikusubiri mpaka usingizi ukamchukua pale pale. Leo hataki hata kukusikia."

Rubani akakata simu. Ilimuuma, ilimuuma kweli. Mzee mzima, akajiambia, unamdanganya mtoto kwa hesabu zisizo na kosa! Watu wangapi umewapandisha ndege, wewe mwenyewe umegandia kwenye kiti cha ofisi.

Kesho yake akajikatia tiketi, na jina lake mwenyewe akalikosea mara mbili. Akamjulisha bintiye, na Jumamosi akapanda. Jirani yake, mama mmoja mnene mwenye huruma, akamwuliza kama ni mara yake ya kwanza.

"Mimi nafanya kazi ya ndege," akajibu, macho kayafumba, mkono wa yule mama kaung'ang'ania. Hawajafika nusu ya safari, akautafuta ule mfuko wa kutapikia. Angalau mahali ulipo alipajua vizuri.

Mlango wa nyumba ya bintiye ulikuwa wazi. Mtoto ameketi kizingitini, viatu mguuni, uso kaukunja.

"Babu, umechelewa."

Rubani alikuwa na majibu tele: foleni ya mizigo, teksi, barabara mbovu. Yote akayaacha.

"Nilikuwa naogopa," akasema.

"Unaogopa ndege?"

"Sana, mjukuu wangu. Njia nzima nilimshika mkono mama mmoja."

Mtoto akainama, akavua viatu vyake kimoja kimoja, akamsogezea nafasi pale kizingitini.