Kitambaa cha Printa

Mama yangu hawezi kuona kitu kimekaa uchi. Sebule yetu ya Kirumba, karibu na ziwa, ilikuwa na vitambaa vya kufuma kila mahali: juu ya televisheni, juu ya redio, migongoni mwa makochi, hata stuli ya kuwekea chai ilikuwa na chake. Tangu magoti yalipomkataza kwenda soko la Mwaloni kuuza dagaa, alishika sindano yake ya kufumia na kiti cha karibu na dirisha, penye mwanga, na kila aliyemtafuta alijua pa kumkuta.

Printa ndiyo iliyomwondoa dirishani. Mkataba wangu wa kazi ulipoisha nilirudi nyumbani, nikanunua printa ya leza iliyokwisha kutumika kutoka ofisi moja ya mjini iliyokuwa inahama, nikaanza kuchapia watu sebuleni. Soketi ya kuaminika mle ndani ilikuwa moja tu, chini ya dirisha, na printa ya leza ikianza kupata moto inavuta umeme kweli; fundi alinikataza kuichomeka kwenye ekstensheni. Basi meza ikakaa dirishani, kiti cha mama kikasogea pembeni, penye giza kidogo. Hakulalamika. Aliuliza tu inavyofanya kazi, nikamweleza kwamba wino wake ni unga, karatasi inapitishwa kwenye moto, unga unayeyuka na kushika. Alicheka, akasema kumbe ni jiko.

Baada ya hapo nilimwona akifuma kitu cheupe chenye matamvua ya buluu. Nilidhani ni cha kanisani. Siku moja narudi kutoka sokoni nikakuta printa imevishwa. Alikuwa ameipima mwenyewe, akaacha na nafasi ya trei mbele. Alisema wale wadudu wa ziwani wakija wanaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, sembuse mashine yenye matundu. Nilimshukuru. Nilijua printa ya leza haifunikwi ikiwa inafanya kazi, lakini sikumwambia. Nikawa natoa kitambaa kabla ya kuchapa na kukirudisha nikimaliza. Kukitoa ilikuwa kazi yangu, si yake. Naliweka hilo wazi kwa sababu siku yenyewe ilipofika nilijifanya silijui.

Siku hiyo walikuja wanafunzi wa chuo kutoka Nyegezi, ripoti zao zinatakiwa alasiri ile ile, na wanataka zichapwe pande mbili. Nilikuwa kwenye kochi na kompyuta mapajani, nabishana na mmoja wao kuhusu ukurasa wa jalada, nikatuma kazi bila kuinuka. Printa yangu ikichapa pande mbili, karatasi hutokeza nusu kwa juu, kisha huvutwa tena ndani ili igeuzwe. Ilipoivuta ile ya kwanza, ikavuta na tamvua. Ukasikika mkwaruzo, ikaja harufu ya uzi unaoungua, kisha taa nyekundu ikawaka.

Mama alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuja na mkono mbele ili akitoe kitambaa, nami nikamkinga njia na kusema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mama, acha. Nani alikuambia uifunike? Hapa ni ofisini kwangu, siyo pa kuchezea nyuzi."

Ofisini kwangu. Matofali ya nyumba ile yalitokana na dagaa alizoanika na kuuza yeye. Baba alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni bila haya, mpaka alipofariki. Wanafunzi waliinamia simu zao. Mama aliutazama mkono wake, akaurudisha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sikujua."

Kweli hakujua. Aliyejua ni mimi, na nilimwacha aombe msamaha. Nilikata uzi kwa mkasi, nikafungua mlango wa nyuma wa mashine, nikangoja ipoe, nikachomoa mabaki kwa kibano cha nyusi. Ikachapa. Ripoti zilifika chuoni kwa wakati. Hakuna kilichoharibika kwenye printa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ningepata hasara ningejificha nyuma yake.

Jioni nilimfuata jikoni nikamwomba radhi, nikasema yote, hata kwamba kosa lilikuwa langu. Alisema yamekwisha, akaniuliza kama nitakula ugali au wali. Nikaamini. Kesho yake nikakuta televisheni tupu, redio tupu, makochi matupu. Vitambaa vyote alikuwa amevifua, akavikunja na kuvitia sandukuni. Nilimsihi avirudishe. Alisema ofisi haina mambo hayo, tena bila kunibeza, kama mtu aliyefundishwa akaelewa. Kiti chake akakihamishia uani. Wateja walianza kusifu kwamba sasa pamekaa kiofisi, na kila aliyesema hivyo nilitamani kumjibu vibaya, lakini nilimchapia, nikapokea hela yake.

Nimemnunulia nyuzi. Nimemwita fundi umeme akaweka soketi upande wa pili, nikahamisha meza, nikamwambia mama dirisha ni lake. Alishukuru, akasema uani kuna upepo mzuri. Watu husema ulimi hauna mfupa, kana kwamba huo ni utetezi.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga kurasa za mteja aliyekaa kochini, nimeupa mlango mgongo, nikasikia hodi. Nikajibu karibu bila kugeuka, kama ninavyowajibu wote, lakini hakuna aliyeingia. Hodi ikarudiwa, kwa upole. Ndipo nilipotambua kwamba haitoki barazani, inatokea kwenye mlango wa korido, ndani ya nyumba. Mama alikuwa amesimama kizingitini. Miwani yake ilikuwa kabatini, sebuleni, na alikuwa anasubiri nimalize na mteja.