Siku kompyuta ya Kurasini ilipogoma, na mashine za Mama Rehema zikiwa bado bandarini

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Jana humu kijana mmoja aliomba msaada, kasahau password ya Administrator kwenye laptop ya ofisi. Mkamwelekeza, muda si mrefu akarudi kusema imefunguka, asanteni, kaondoka.

Nikacheka peke yangu hapa Tunduma nilipopanga chumba. Enzi zetu jambo hilohilo lilikuwa linamtoa mtu jasho hadi magotini.

Nawasimulia nililoliona kwa macho yangu. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa. Nilishamaliza form four, nikaenda Tanga nikachoka, nikaenda Mtwara nikachoka, nikarudi Temeke kwa dada yangu. Miguu yangu haijawahi kutulia, hata leo. Shemeji akanitafutia kazi ya ukarani Kurasini, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini.

Bosi aliitwa Nassor. Familia yao ni Waarabu wa Temeke, wauza duka tangu zamani, ila yeye dukani hakutaka kukaa. Mtu mpole, hana makuu.

Kompyuta ilikuwa moja tu, mtumba wa Dubai, ndani ina Windows NT.

Vijana hamtaamini, lakini kompyuta ilikuwaga na chumba chake. Ina feni yake, ina pazia lake. Unavua viatu mlangoni ndipo unaingia. Ukimaliza kazi unaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na chetu kilikuwa cha maua mekundu, kafuma Bi Zuwena, mama yake bosi, kwa mkono wake. Tuliamini vumbi likiingia tu, mashine imekufa.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe.

Tulikuwa na mteja, Mama Rehema, fundi cherehani. Alileta mashine za kushonea kutoka Dubai kwenye kontena la kuchangia. Kuna shule ilikuwa tayari kumpa kazi ya sare za wanafunzi wote, lakini kamati ya shule ilisema itapita kwake Jumamosi ione mashine kwa macho. Wasipozikuta, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Karatasi zake za kutolea mzigo zilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Kilichobaki ni kuzichapa na kuzipeleka.

Ijumaa asubuhi bosi akafika, akavua viatu, akawasha. Mashine ikauliza password. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena, ikakataa.

Akatutazama mie na Mama Rehema, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri karatasi zake, kama sisi ndio tumeificha.

Chanzo chake ni hiki. Wiki iliyotangulia mkewe alijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Bosi alipata habari kwa simu akiwa ofisini, na kwa furaha akabadilisha password papo hapo, akaweka jina la mtoto. Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa bado hana jina. Lilikuwa jina alilolipenda yeye asubuhi ile.

Halafu akazima mashine, akaenda nyumbani kukutana na mama yake, baba mkwe, shangazi wa Zanzibar na kila mtu na jina lake mfukoni. Walibishana wiki nzima, ofisini hakurudi, mpaka siku ya akika, ya kumpa mtoto jina. Bosi mwenyewe alibadili mawazo mara nyingi. Jina moja lilipopitishwa, yale mengine yote yakamchanganyikia kichwani. Lile la asubuhi ile hakulikumbuka tena.

Tukajaribu Khalfan. Tukajaribu Mbarak. Suleiman, Hilal, Seif. Tukamaliza ukoo wote wa baba mkwe. Hola.

Mama Rehema kwenye benchi akasema taratibu, "Bwana Nassor, mie ningekuwa na mtoto mmoja tu jina lingenitoka kweli?"

Bosi akaandika jina jingine, likakataa.

Najua kuna mjuaji atauliza mbona hatukuchukua mafaili tukayachapa kwingine. Mkuu, ile programu ilikuwa inafunguka ndani ya mashine ile tu, na kwa jina la Administrator tu. Na taipureta bosi aliiuza mwezi ule ule alionunua kompyuta, kwa majivuno.

Nikapewa pikipiki, nikaenda Mikocheni kumfuata Deo, jamaa aliyetuuzia. Deo alisomea mambo hayo na alikuwa anajua kwamba anajua. Nikamkuta anakunywa chai. Nikamweleza, akacheka, akachukua flopi mbili akaja.

Alipofika bosi akamuuliza, "Si kuna kubonyeza Cancel unapita?"

"Braza, hiyo ni Windows ya nyumbani. Hii ni ya maofisi, haina huruma."

Akaiwasha kwa flopi yake, akaandika mistari kadhaa. Nitaeleza kwa maneno mepesi. Ile NT ukiiacha kwenye dirisha la password robo saa bila kuigusa, inaleta screensaver yake yenyewe, ile picha ya kupumzisha skrini. Deo aliiondoa ile screensaver, mahali pake akaweka kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Kidirisha kile kikifunguka hapo, mashine haikuulizi wewe ni nani. Unaiamuru, inatii.

(Msihangaike kujaribu leo, mlango huo ulishazibwa miaka mingi.)

"Sharti ni moja," Deo akasema. "Asiiguse mtu. Mouse ikitikisika kidogo tu, tunaanza upya."

"Na kupumua?" Mama Rehema akauliza. "Kunaruhusiwa?"

"Nje, mama. Wote nje."

Tukatoka barazani. Malori yanapita, vumbi linapanda, bosi anatazama saa. Alishasali Ijumaa akarudi, na ofisi ya kupeleka zile karatasi ilikuwa inakaribia kufunga.

Hapo ndipo akatokea Bi Zuwena na hotpoti ya pilau. Tukampa shikamoo, akaitikia, akauliza mbona tumekaa nje kama wafiwa, wala hakungoja jibu. Akavua kandambili, akaingia ndani kuweka chakula. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kitu. Kwa nini umzuie mama kuweka chakula?

Akatoka anajipangusa mikono.

"Mnaacha mtambo uchi na vumbi lote hili. Nimeufunika."

Deo akashika kichwa kwa mikono miwili.

Bi Zuwena alikuwa ameisogeza mouse ili kitambaa kikae vizuri. Na zilikuwa zimebaki dakika za kuhesabu.

Sikuwahi kumsikia bosi akimpandishia mama yake sauti, na siku ile pia hakufanya hivyo. Alikaa tu chini kwenye ngazi. Mama Rehema yeye alianza kukunja khanga yake, kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Deo akaingia, akafunua, akatoka. Tukaanza upya.

Bi Zuwena alipoeleweshwa, akavuta kiti akakaa mlangoni, miguu kaiweka kizingitini. Hapiti mtu. Akaanza kumhoji mwanawe.

"Umejaribu jina la baba yako?"

"Nimejaribu, mama."

"Halikufungua?"

"Halikufungua."

"Basi," akasema, "leo nimejua. Mbele yangu ulisema ndilo ulilokuwa nalo moyoni."

Wakuu, bosi alitazama malori kama hajawahi kuona lori. Deo akageuka ukutani, mabega yanacheza. Hata Mama Rehema aliachia kicheko kidogo, cha kwanza siku ile.

Tukangoja. Feni tuliizima, Deo alihofia upepo wake utapeperusha pazia liguse mouse. Sikumbuki tuliongea nini tena. Nakumbuka nilikuwa naomba umeme usikatike, maana siku zile ulikuwa unakatika utakavyo.

Halafu Deo aliyekuwa anachungulia dirishani akasema, "Tayari."

Kidirisha cheusi, maandishi meupe, kimesimama katikati ya skrini. Akaingia bila haraka, akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba amri imetimia.

"Password mpya niweke nini?"

"Weka la babu yake," Bi Zuwena akasema kutoka mlangoni.

"Hapana, bibi. Majina ya watu leo basi."

Ikafunguka. Printa ikaanza kupiga kelele zake, karatasi zinatoka polepole, na Mama Rehema amesimama juu yake bila viatu, mikono kifuani. Nilizibeba zikiwa bado zina moto. Kule ofisi ya kuzipeleka nilimkuta karani anafunga droo. Akanitazama, akaifungua tena.

Kuelekea magharibi kenta ilitoka getini na zile mashine. Dereva alimwambia Mama Rehema akae mbele, akakataa. Alikaa nyuma, kakumbatia mashine moja, anamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo.

Jumamosi kamati ikaja, ikaona. Wiki iliyofuata nilipita mtaani kwake makusudi, nikasimama nje ya dirisha. Zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Nimeishi miji mingi baada ya hapo, lakini mlio ule bado nausikia.

Nilichojifunza ni kimoja. Mashine ya kazi isifunguliwe na kichwa cha mtu mmoja, hata kama kichwa hicho kina akili. Wekeni Administrator wa pili, mtu mwingine mnayemwamini aijue password yake, na mara mojamoja mjaribu kama inafunguka kweli. Sisi tulifanya hivyo Jumatatu yake.

Karibuni, semeni yenu. Aliyewahi kufungiwa nje akafungua, atuambie alifunguaje. Na aliyeshindwa kabisa naye aandike. Huyo ndiye nataka kumsikia zaidi, yule mtu aliyekuwa anasubiri, mlimwambiaje?