Mdogo Wangu Asiyejua Kuogelea

Mdogo wangu aliniahidi kwamba wikiendi ile nitaiona Mwanza bila kumaliza hela. Nilitoka Bunda Ijumaa, nikiwa nimefunga genge langu la mboga kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, nikalala kwenye chumba chake cha kupanga Igoma. Asubuhi tulikunywa chai kwa viazi vitamu, tukashuka mjini. Mpango wake ulikuwa mwepesi: tuufuate mto Mirongo kwa miguu mpaka unapoingia ziwani, kisha tuendelee na ufukwe hadi tuchoke.

Kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto. Kuna mahali harufu ilituharakisha, na mahali pengine watu walikuwa wamelima mchicha ukingoni, umestawi kuliko ninaouuza mimi. Nikasimama kuutazama.

"Dada, umekuja kupumzika," alinicheka. "Achana na mchicha wa watu."

Akaninunulia muwa, tukaenda tunatafuna. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikawa inanisumbua, kama nguo ya kuazima. Niliacha shule kidato cha pili ili niwalee wadogo zangu, na tangu hapo sikumbuki kutembea popote mikono ikiwa mitupu. Nilijikuta nikiwaza nani anauza kwenye genge la jirani, na kama wateja wangu wamehamia kwake.

Kwenye daraja moja karibu na ziwa alisimama, akaegemea kingo.

"Dada, nimepata kazi."

"Wapi?"

"Kwenye vizimba. Wanafuga sato humo ziwani. Ni kuwalisha, kukagua nyavu, kuwavua wakikomaa." Akatazama maji. "Ila Jumatatu wananijaribu. Unashuka kwenye boti, unaogelea mpaka kizimbani. Ukishindwa, anapewa mwingine."

Baba yetu alikuwa mvuvi wa dagaa. Siku moja wenzake waliuvuta mtumbwi wake hadi ufukweni bila yeye ndani. Mama alimfuata kwa ugonjwa, mdogo wangu akiwa hajaanza hata shule. Kuanzia hapo nilipiga marufuku ziwa. Maji nilichota mimi, nguo nilifua mimi, na aliyerudi nyumbani na nywele mbichi alijua kinachomngoja. Ndivyo nilivyomkuza Mjita, mtoto wa watu wa ziwani, ndani ya nyumba ambayo mawimbi yanasikika kitandani, akawa hajui kuogelea. Kijijini kwetu hapakuwa na mwingine kama yeye.

"Wewe baba alikufundisha," alisema. "Nifundishe leo. Ndiyo maana nimekuleta huku."

"Nimesahau," nikasema.

Alinitazama, akaamini. Amezoea kuniamini, nilimlea hivyo. Akasema basi atajaribu mwenyewe, mimi nimshikie simu na viatu. Tulipita mwalo wa Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, katikati ya magunia ya dagaa na wapiga debe wa samaki, tukaenda mbele mpaka tukapata kipande cha mchanga kati ya mawe makubwa. Wanaume wachache walikuwa wamekaa kivulini wakishona nyavu. Mdogo wangu aliwaamkia, "Shikamooni," akavua shati, akaingia.

Alijirusha mbele kwa nguvu zote, akipiga maji kama anayeua nyoka. Kichwa alikiinua juu, miguu ikazama, akasimama akikohoa. Akarudia. Wale wanaume walikuwa wametusikia tukizungumza Kijita.

"We Mjita!" mmoja alipaza sauti. "Mbona unalinywa ziwa lote? Tubakizie tuoge!"

"Mjita wapi!" mwenzake akadakia. "Huyo ni Mgogo, kapotea njia ya Dodoma."

"Mnacheka nini?" mdogo wangu alijibu, maji yakimtoka puani. "Nayaonja tu kama yameiva!"

Wakaangua kicheko, naye akacheka nao, akajirusha tena. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, viatu vyake mapajani. Kosa lake nililiona tangu mara ya kwanza. Alikuwa anapigana na maji, wakati baba alinifundisha kwanza kulala juu yake, masikio ndani, tumbo juu, mpaka mwili uache woga. Neno moja tu lingemsaidia. Nilifunga mdomo. Na kila alipozama kifua changu kililegea, nikamwomba Mungu, kwa maneno kabisa, kwamba Jumatatu ashindwe.

Alitoka macho yakiwa mekundu, akakaa karibu yangu.

"Haiwezekani, Dada. Nitawapigia niwaambie nimeghairi." Kisha akaniangalia usoni, na nadhani alidhani nimeumia kwa ajili yake. "Usihuzunike. Umenifikisha mbali sana bila hiyo kazi. Nitaendelea kubeba mizigo, si nimeizoea?"

Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Niliviweka viatu chini, nikaifunga khanga vizuri juu ya gauni, nikaingia majini.

"Mama, unaenda wapi na nguo?" wale wa nyavu waliuliza. Maji yalipofika kiunoni nikamwita.

"Njoo ulale hapa. Chali."

"Ulisema umesahau."

"Mwili umekumbuka," nikasema. Huo nao ulikuwa uongo.

Nilimshika kisogo kwa kiganja kimoja na mgongo kwa kingine, kijana mwenye ndevu, mzito wa mifupa. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mti. "Masikio yaingie. Yaache yaingie. Vuta pumzi, ibane kidogo. Tazama mawingu, usinitazame mimi." Alizama, akaniparamia, gauni likachanika begani. Tukaanza upya. Wale wanaume waliacha kucheka, mmoja akaanza kumpa maelekezo yake mwenyewe kutoka kivulini mpaka wenzake wakamwambia anyamaze. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa pili nilipohisi shingo inalegea. Mikono yangu ikawa haina kazi, nikaitoa, naye akabaki juu. Kisha nikamgeuza kifudifudi, nikamwonyesha miguu inavyokwenda. Kabla hatujaondoka alikata maji mwenyewe kutoka jiwe moja hadi jingine, vibaya, lakini alifika.

"Umeona?" alipiga kelele, akiwa amelikumbatia jiwe. "Kesho baada ya ibada tunarudi! Jumatatu naenda, Dada!"

"Nenda," nikasema.

Alirudi akinishukuru, akawaambia wale wanaume kwamba hakuna mwalimu kama dada yake. Wakaniamkia kwa heshima. Niliitikia marahaba huku nikikamua khanga, nikainama ili asinione uso. Njia nzima ya kurudi alizungumza habari za sato na vizimba, na mimi nilimwitikia. Sikumwambia nilichokuwa nimemwombea pale juu ya jiwe. Mpaka leo anaenda kazini vizimbani kila asubuhi, na sijamwambia.