Kompyuta Iliyogawanywa Matangani

Kioo kilikuwa cheusi, na kwenye pembe yake ya juu zikatokea herufi mbili: LI. Basi. Nilikaa mbele yake nikingoja ya tatu, chai ikapoa, herufi ya tatu haikuja. Nikazima, nikawasha. LI. Nikaizima tena, nikaipiga kofi ubavuni jinsi watu wapigavyo redio, nikawasha. LI. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia, lakini mimi hasira hunitangulia machozi, kwa hiyo niliitukana. Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kiluhya, ambacho kwa kazi hiyo ndicho kilichonilea.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti ya baba yangu, na baba alikuwa amekwisha kuzikwa.

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapo Kakamega mjini. Kompyuta aliachiwa na mtafiti mmoja wa kima kule Isecheno, mgeni aliyekuwa akishinda msituni na kuja kwetu jioni baba amsaidie hesabu zake. Alipomaliza kazi akarudi kwao, akamwachia baba mashine pamoja na Linux yake, programu ya kuiendeshea. Miaka hiyo ya tisini kompyuta chache zilizokuwa mjini zilikuwa za Windows, zimefunikwa vitambaa ofisini kama maharusi. Linux hakuna aliyeijua. Nadhani ndiyo sababu baba aliipenda. Alikuwa mtu wa hivyo, wa kupenda njia ambayo wenzake hawaipiti.

Kisha akaugua koo. Madaktari wakamwambia operesheni itamwokoa lakini itamnyang'anya sauti. Kabla ya kwenda hospitali alijifungia chumbani jioni kadhaa na maikrofoni ndogo, na alipotoka akatuambia kwamba ametuwekea maneno humo ndani, kila mtu ya kwake: mama, mimi, na kitinda mimba wetu aliyekuwa bado anatambaa. Nilimwuliza kwa nini hakutumia kaseti kama watu wengine.

"Kaseti huliwa na redio," akasema. "Hii haili kitu. Mtasikiliza siku ambayo sipo."

Mama aliinuka akatoka nje. Kwetu anayetaja kifo chake anakiita.

Alirudi kutoka hospitalini akiwa na kibao cha watoto na chaki. Mtu aliyeishi kwa mdomo na chaki alibakiwa na chaki peke yake. Akaishi hivyo mwaka na kitu, na muda huo wote hakuna aliyethubutu kuyafungua yale maneno. Ungeyasikilizaje, naye amekaa pale kitini anakutazama? Ingekuwa ni kumzika huku anaona. Alinionyesha tu jinsi ya kuiwasha mashine na kuizima, na mahali maneno yalipo. Nikasema nimeelewa.

Alipofariki, vitu vyote vya nyumba ya shule vilipakiwa kwenye lori pamoja naye, maana mtu harudi nyumbani nusu. Baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, wazee wakakaa kugawa mali yake: koti, fimbo, baiskeli, viatu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wasichana wenzangu, moshi machoni, tukisonga obusuma, ugali wa waombolezaji. Nilimwona baba mkubwa wa Likuyani akiondoka na kioo cha kompyuta amekifunga nyuma ya baiskeli, na kibodi imening'inia kwenye usukani. Sikushtuka. Nilikuwa nimeanza masomo ya kompyuta mjini na nilijua kwamba kioo ni kioo tu, maneno yamo sandukuni, na sanduku lilikuwa limebaki chini ya kitanda cha mama, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilijiambia langu lipo.

Miezi ikapita kabla sijapata chumba mjini chenye stima. Nilipokipata nilibeba jogoo, nikaenda Likuyani kumwomba baba mkubwa kioo na kibodi. Nilikikuta sebuleni juu ya meza nzuri, na waya umetoka mgongoni mwake ukapita dirishani mpaka kileleni mwa mkalitusi.

"Hii terevisheni ya ndugu yangu ni bure," akaniambia kwa huzuni. "Nimeiwekea antena mpaka juu ya muti. Hakuna mutu, hakuna sauti."

"Hiyo hainanga sauti, baba. Sauti iko kwa ile sanduku yenyewe."

"Basi chukua, mama. Inakulanga tu nafasi ya redio." Jogoo alimpokea bila kunitazama machoni, akanifungia kioo na kibodi mwenyewe kwa blanketi. Hakuwa mtu mbaya. Katika habari hii yote nimemtafuta mtu mbaya nikamkosa, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote.

Nilipounganisha kila kitu na kuwasha, mashine ilipiga mlio mrefu, ikapumzika, ikapiga tena. Kioo hakikuonyesha kitu. Nikafungua sanduku, nikakuta mende wamehamia. Mlio ule nilifundishwa chuoni kwamba ni kilio cha memori. Nikazing'oa kadi zake, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Mlio ukakoma. Nilifurahi kwa muda wa kunywa maji, halafu ndipo zikaja herufi mbili nilizokueleza.

Nikaibeba mpaka chuoni kwa mwalimu wetu. Alikuwa kijana mwenye tai, na ulimwengu wake ulianza na kuishia kwenye Windows. Akazitazama zile herufi akacheka.

"Hii imekufa, sista. Tufomati, tuweke kitu ya maana."

Nilimweleza kwamba mna vitu vya marehemu. Akasema sawasawa, sawasawa, huku akiingiza diski yake laini na kubonyeza vitufe kwa kasi ya mtu anayetaka kuonekana anajua. Nilipoinua macho kioo kilikuwa kinauliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu, na kidole chake kilikuwa njiani. Niling'oa waya ukutani. Aliniambia nimeharibu mashine. Nilimwambia mambo ambayo hayaandikiki, mbele ya darasa zima, nikabeba sanduku langu begani nikatoka. Masomo yangu yaliishia hapo.

Nikabaki peke yangu na kitabu cha maelezo cha baba, kilichokuja na sidii za ile Linux. Nilikisoma kila siku nikitoka kibaruani. Kiingereza chake kilikuwa kigumu na kikavu, na kila ukurasa ulidhani najua ulichosema uliotangulia. Kuna wiki nilikifunga nikaapa sitakifungua, na sanduku likakaa kona ya chumba likinitazama. Nilikuwa nikirudi nyumbani kijijini mama ananiuliza, "Ameshasema?" Namjibu, "Bado, mama." Ananipakulia. Swali lile lilinikata maini kila Jumamosi. Nilifika mahali nikawa natafuta sababu za kutokwenda.

Mwishowe nilipata maneno niliyokuwa nikiyatafuta. Kitabu kilisema zikitokea herufi mbili hizo tu, mashine na diski hazielewani namna ya kuhesabu. Mashine inakwenda pale ilipoambiwa neno linalofuata lipo, inakuta si penyewe. Nikakumbuka betri ndogo kama sarafu iliyo kwenye ubao, inayoshika kumbukumbu za mashine ikiwa imezimwa. Ilikuwa imekufa chini ya kitanda cha mama. Nikanunua nyingine kwa fundi saa sokoni, nikaingia mahali pa kupangia mambo ya diski, nikabadilisha namna ya kuhesabu, moja baada ya nyingine, kila mara nikizima na kuwasha.

LILO. Herufi nne, jina kamili la kile kinachoiamsha Linux. Kisha mistari myeupe ikaanza kupanda kwenye kioo, mingi, mbio mbio, kama nilivyoiona ikipanda mbele ya baba. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga. Nami nikaizima palepale, kabla haijafika popote. Sikutaka kusikia peke yangu. Ningekuwa mwizi.

Mama alikuja Jumapili moja kwa moja kutoka kanisani, na kitambaa chake cheupe kichwani, na kitinda mimba wetu mkononi, ambaye sasa alikuwa anaongea na kuuliza kila kitu. Nilikuwa nimeazima spika. Mama alikataa chai. Akakaa kitako kitandani, akaweka mikono mapajani, akamwambia mtoto, "Nyamaza sasa, papa anataka kusema."

Nikawasha. Mistari ikapanda. Ikapanda, ikasimama. Mstari wa mwisho ulisema kwamba diski ya pili haionekani.

Nilidhani ni waya umelegea. Nikafungua sanduku mbele yao. Ule utepe wa nyaya ulitoka kwenye ubao ukafika kwenye diski moja, kisha ukaendelea, na kichwa chake cha pili kilining'inia hewani. Nilikuwa nimekiona kila mara nilipofungua, nikadhani ni cha akiba. Sasa nikaona na nafasi yenyewe: mashimo ya skrubu, na mraba safi usio na vumbi. Diski ya kwanza ilikuwa ya kuamshia mashine. Vitu vyake mwenyewe baba aliviweka kwenye ya pili.

Mama aliinama akachungulia.

"Hapo ndipo kilitokanga kile cha omwiwa," akasema.

Omwiwa ni mtoto wa dada wa marehemu. Kwetu ana fungu lake matangani na hanyimwi, kwa sababu kinywa chake kikiwa kichungu nyumba haisimami. Huyu wetu alikuwa fundi wa redio Malava. Wazee walikuwa wamesema sanduku ni moja na wenye haki ni wawili, watoto na omwiwa. Akatoa bisibisi, akalifungua, akakuta ndani vyuma viwili vinavyofanana. Wazee wakafurahi. Ni nani angeona mgawo wa haki kuliko huo? Kimoja cha watoto, kimoja cha omwiwa. Na mama ndiye aliyekitoa kwa mikono yake miwili, kama heshima inavyotaka, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo mimi nilivisikia nikiwa penye sufuria.

Tulikwenda Malava siku hiyohiyo. Binamu yangu alitupokea kwa furaha ya kweli, akafuta benchi kwa shati lake, akamtuma mtu soda. Kibanda kilijaa redio zilizopasuliwa matumbo. Ukutani sumaku mbili nene zilishika bisibisi zake zote. Juu yake, kwenye msumari, limetundikwa duara jembamba la chuma lenye tundu katikati, linalong'aa kuliko kioo chochote nilichopata kuona.

"Hii ni ya mjomba," akasema, akalifuta kwa kiganja. "Kila mutu akija hapa anajiangalianga hapa. Nawaambianga, mjomba wangu alikuwa mwalimu, hata kioo chake ni ya kisomi." Yalikuwa matatu ndani ya kile chuma, akaeleza. Mengine mawili ameyafunga shambani yafukuze ndege.

Nililishika. Juu yake ndipo maneno ya baba yalipokuwa yameandikwa, na sasa palikuwa na alama za vidole na matone ya sabuni ya kunyolea. Nilisubiri hasira ije, hasira yangu ambayo haijawahi kunichelewa, nikakuta hakuna. Ningemgombeza nani? Omwiwa hagombezwi kwa fungu lake, na hata angegombezwa, alikuwa amemtundika mjomba wake mahali pa heshima kuliko pote alipokuwa napo. Nilijua kwamba hakuna fundi, Nairobi wala Ulaya, ambaye angelitoa neno moja kwenye chuma kile. Kitu kilikatika ndani yangu, na sijui kama kimepata kuunga.

Mama alinitazama usoni, akajua. Akanichukua lile duara mkononi, akamrudishia omwiwa kwa mikono miwili, akamshukuru kwa soda.

Tulisimama barabarani kungoja gari la kurudi. Mtoto aliuliza kama papa atasema kesho. Mama akamnunulia ndizi, akamvuta karibu na gauni lake, na bila kunigeukia akaanza kusema.

"Jioni ya mwisho kabla ya hospitali nilimpelekea uji. Nikasimama mlangoni na kikombe. Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Alikohoa. Halafu akasema, 'Hapana. Wacha nianze tena.' Nikaona haya ya kusikiliza, nikarudi jikoni."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

Tangu siku ile nimemwuliza mara nyingi kama hakusikia jina. Hakusikia. Kwa hiyo hatujui hata alikuwa anamwanzia nani kati yetu.